Somo: Kilo saba zinatosha, kinachotuzidia ni vifurushi vya watu

Mbukwenyi! Somo hili la kusafiri kwa ndege na begi la mkononi tu nililiahidi tangu mwezi uliopita nikawa nalipiga chenga. Leo nimekaa.

Nianze na aibu yangu. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa naenda Nairobi, semina ya siku nne. Pale kaunta begi langu la mkononi likawekwa kwenye mizani: kilo 11 na nusu. Ruhusa kilo 7. Dada akaniambia kwa upole, "Mama, ulipie au upunguze." Nikachuchumaa palepale, foleni nzima inanitazama, nikafungua zipu. Vikatoka jozi tatu za viatu, pasi ya nguo, taulo zito kama godoro, kopo la siagi ya karanga la binti wa jirani, vitenge viwili vya shangazi wa rafiki yangu, na bahasha iliyozungushiwa utepe wa gundi ambayo mpaka leo sijui ilikuwa na nini. Niliporudi nyumbani nikapima nguo nilizovaa siku zote nne. Hazikufika kilo 3.

Tangu hapo sijakabidhi begi kaunta kwa safari ya chini ya wiki mbili. Nafanya hivi.

Hatua ya 1: Soma tiketi yako, usisikilize ya jirani

Mashirika mengi yanaruhusu kilo 7 za mkononi kwa daraja la kawaida, mengine yanaongeza kidogo. Kipimo cha begi huwa karibu na sentimita 55 kwa 40 kwa 20, na magurudumu na mpini vinahesabiwa. Chukua futi ya fundi cherehani upime, usikadirie kwa macho.

Sisi wa Dodoma tuna jambo letu. Ukienda nje ya nchi, mara nyingi unaanza na ndege ya ndani mpaka Dar, au siku hizi unashuka na treni ya SGR, halafu ndiyo unapanda ndege kubwa. Kama ni ndege mbili za mashirika mawili, fuata kipimo kilicho kidogo. Na zile ndege za mapangaboi zina makabati madogo juu ya viti. Begi gumu la magurudumu linaweza kuchukuliwa mlangoni likawekwa nyuma na mizigo mingine, hata kama uzito wake uko sawa. Kwa hiyo dawa, pasipoti, pesa, laptopu na pawa benki nazifunga kwenye kimfuko kimoja juu kabisa. Wakisema "tunaomba begi", nachomoa kimfuko nawaachia begi.

Hatua ya 2: Pima begi likiwa tupu

Begi gumu la magurudumu linaweza kuwa na kilo 3 kabla hujatia hata soksi. Yaani karibu nusu ya ruhusa umeshaibebea hewa. Begi la mgongoni la turubai jepesi lina kama kilo 1. Kama huna mizani ya kuning'iniza, mpelekee mangi wako wa dukani akupimie kwenye ile ya unga. Mimi nilipimiwa hivyo na watu wakacheka, lakini kaunta sikuaibika tena.

Hatua ya 3: Nguo

Hapa tukae kidogo.

Kosa letu kubwa ni kufungasha hali ya hewa ya nyumbani. Dodoma tuko mita kama 1,100 juu ya usawa wa bahari, Juni na Julai upepo wa usiku unakata masikio, basi mtu anajaza masweta akielekea Dubai ambako nje kunaungua. (Sweta moja jepesi chukua lakini, maana ndani ya majengo yao viyoyozi havina huruma.) Mwingine anaondoka hapa Januari na joto lake anaelekea London na kitambaa cha bega. Johannesburg Juni ni baridi kweli, Addis Ababa iko juu zaidi ya mita 2,300 na jioni zake si za blauzi. Angalia utabiri wa unakokwenda siku mbili kabla, si wiki mbili.

Baridi usiibebe kwa koti moja nene. Vaa tabaka: fulana, shati, sweta, jaketi la kuzuia upepo. Asubuhi unavaa zote, mchana unavua moja moja, na hakuna inayokaa bure begini.

Rangi: chagua mbili zinazoendana na moja ya kuchangamsha. Mimi ni bluu iliyokolea na kijivu, halafu gauni la kitenge. Kila cha juu kivalike na kila cha chini. Blauzi inayokubali sketi moja tu duniani, iache kabatini ikae na sketi yake. Nyeupe pia iache. Ukitoka hapa kwenda uwanjani kwa bodaboda, vumbi letu litakuwa limeshakusainia kola.

Sasa kufua. Unafua jioni, unavaa kesho, ndiyo maana fulana tatu zinatosha siku kumi. Lakini Dodoma inatudanganya. Hapa kiangazi ukianika fulana ya pamba saa mbili usiku, alfajiri imekauka inakwaruza. Ifanye hivyo Dar au Unguja mwezi wa nne, asubuhi utavaa maji. Kwa hiyo ukienda pwani au nchi ya unyevu, chukua vitambaa vyembamba vilivyochanganywa na polista, na jinzi vaa moja uliyo nayo mwilini. Ukishakamua, tandaza kanga kavu, weka nguo juu, viringisha kama mkeka, kisha ikanyage kwa miguu miwili. Kanga inakunywa maji yote. Nguo ikitoka hapo inahitaji saa chache tu.

Na kanga yenyewe ndiyo mfalme wa begi. Doti moja haina hata nusu ya uzito wa taulo langu lile. Ni taulo, shuka ndani ya ndege, mtandio, pazia la kubadilishia nguo, na mto ukiikunja. Wanaume, kikoi kinafanya yaleyale, msione haya.

Begi langu la safari ya siku kumi, kwa makadirio ya mizani ya mangi: begi tupu kilo 1; laptopu na chaja yake 1.8, fulana tatu 0.5, suruali ya kitambaa 0.4, gauni la kitenge 0.4; nguo za ndani na soksi za kubadili siku nne 0.4, doti ya kanga 0.5, viatu vya wazi 0.5, vifaa vya kuogea 0.5, pawa benki na nyaya 0.6. Jumla kilo 6.6. Raba, jinzi, sweta na jaketi viko mwilini. Gramu 400 zinazobaki ni za zawadi, nitarudi hapo.

Hatua ya 4: Kupanga

Viringisha, usikunje. Soksi ziingie ndani ya viatu. Vizito viwe upande wa mgongo. Basi.

Hatua ya 5: Majimaji na betri

Safari za kimataifa, viwanja vingi bado vinashikilia mililita 100 kwa kila chombo, vyote viingie kwenye mfuko mmoja unaoonyesha vya ndani wa lita 1. Wanasoma kilichoandikwa kwenye chombo, si kilichobaki. Chupa ya losheni ya mililita 200 yenye vijiko viwili chini itatupwa. Hamishia kwenye vichupa vidogo. Sabuni ya kipande haihesabiwi, ndiyo maana naogea na kufulia kipande kimoja.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Juni 2019, ila ile ya kufunga kwa kubana ya vipodozi vya safarini iliachwa, kwa masharti usiitupe ovyo. Wangu una miaka mitatu.

Pawa benki lazima iwe mkononi, kamwe isiende na mzigo wa chini, kwa sababu betri ikishika moto kule hakuna wa kuuona mapema. Mwisho bila kuomba kibali ni watisaa 100 (huandikwa Wh). Ya 20,000 mAh ni kama watisaa 74, iko salama. Kama maandishi yake yamefutika, wanaweza kuichukua.

Hatua ya 6: Vifurushi vya watu

Hii ndiyo hatua ya kweli, hizo nyingine ni mbwembwe.

Sisi hatuzidishi kilo kwa sababu ya nguo. Tunazidisha kwa sababu ya kuona haya. Ukishasema unasafiri, simu zinaanza: "Dada, kidogo tu, hakina uzito." Kila kimoja kweli hakina uzito. Vikiwa saba ndiyo begi.

Nilichojifunza: sitangazi safari mpaka nimeshafunga begi. Na aliyewahi kusikia, namjibu hivi: "Nina gramu 400, na lazima nikifungue nikione." Wengi wanaishia hapo. Kilichofungwa na mtu mwingine sikibebi, hata awe ndugu wa damu. Pale kaunta unaulizwa kama begi umelifunga mwenyewe, na kikikutwa kitu ndani, aliyekamatwa ni mwenye begi. Ile bahasha yangu ya Nairobi nikiikumbuka usingizi unapaa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa Nkuhungu: Mwanangu, kijana wangu anasoma Ulaya na ameomba mlenda wa kukausha, siagi ya karanga na nyama kavu. Nitabebaje bila kukabidhi begi?

Shikamoo mama. Mlenda wa unga mkavu kwa kawaida unapita kwenye ukaguzi, ila ufunge vizuri na uandike jina lake kwa Kiingereza juu, maana unga wa kijani usio na jina unaleta maswali. Siagi ya karanga inahesabiwa kama majimaji, kopo kubwa litaishia kwenye pipa. Mpelekee karanga za kukaanga, ataponda mwenyewe. Nyama iache, mama yangu. Nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu abiria kuingia na nyama wala maziwa kutoka kwetu.

Shehe wa Chang'ombe: Naenda umra inshallah, nashukia Jeddah. Ihramu niiweke begi gani?

Mkononi, shehe, au mwilini kabisa. Miqati, yaani mpaka ambao hupaswi kuuvuka bila ihramu, mnaipita mkiwa angani, na ihramu ikiwa tumboni mwa ndege huna pa kuifuata. Watu wengi wanavaa uwanjani au ndani ya ndege kabla ya tangazo. Chukua pia sabuni isiyo na manukato. Kwa akina mama ni nyepesi zaidi, nguo zao za stara za kawaida zinatosha.

Kijana wa UDOM: Shikamoo anti. Nimealikwa kwenye mkutano, natakiwa suti. Itakunjamana?

Marahaba. Koti livae. Ndani ya ndege livue, ligeuze nje ndani bega moja liingie kwenye jingine, ulaze juu ya begi kabatini. Suruali iviringishe pamoja na fulana katikati. Ukifika itundike bafuni ukioga maji ya moto, mikunjo mingi itaachia kwa mvuke. Kiatu cheusi kimoja safi kitembee nawe kuanzia hapa, raba sahau.

Mwanachama wa Kisasa: Mvinyo wetu wa zabibu je? Wenyeji wangu wameuomba kwa jina.

Chupa ya mililita 750 haipiti mkononi kwenye safari ya kimataifa, na peke yake ina zaidi ya kilo 1. Kabidhi begi, au peleka zabibu kavu. Mbichi usijaribu. Nilizibeba mara moja, zikafika sharubati, na sweta langu bado lina alama.

Mama mwenye mtoto wa miezi minane: Uji na maziwa ya mtoto navyo ni mililita 100?

Hapana mdogo wangu. Chakula cha mtoto cha kutosha safari kinaruhusiwa, ila utoe ukionyeshe wakikague. Nepi hesabu za saa za safari uongeze nne, nyingine utanunua mbele.

Babu wa Mpwapwa: Mimi nachoma insulini.

Shikamoo babu. Hiyo isitoke mkononi mwako hata dakika moja. Kwenye mzigo wa chini inaweza kuganda, na ikiganda haifai tena. Iache kwenye boksi lake lenye jina lako, na ubebe barua ya daktari.

Mwanachama wa Area C: Dada, unasema tusibebe. Lakini kufika kwa watu mikono mitupu ni aibu. Wewe unaenda na nini?

Umenishika pabaya. Sijasema mikono mitupu, ndiyo maana nina zile gramu 400. Natafuta kitu chembamba: kanga moja yenye jina zuri, ubuyu pakiti ndogo, kahawa ya unga. Na zawadi natoa siku ya kufika, hivyo nafasi yake inabaki kwa kurudia. Wifi yangu mmoja alinung'unika mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili akaanza kunisubiri nimletee kanga tu, ananiuliza imeandikwaje kabla hata ya salamu.

Mwanachama wa Ipagala: Naondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi na begi lina kilo 9. Nitoe nini haraka?

Vaa jinzi na raba, hapo umepunguza kilo 1 na zaidi kidogo. Toa taulo, weka kanga. Toa kifurushi cha yule uliyesema "nitashindwaje kumkatalia", mpigie sasa hivi kabla hajalala aje akichukue. Na pasi ya nguo, najua umeiweka, iko chini kabisa.