Jinsi ya kupanga kikosi cha wakati wote cha AFL kwa namba za jezi, 1 hadi 22

AFL ni ligi kuu ya kandanda ya Kiaustralia. Ukichukua mchezaji bora wa kila namba na kumwandika kwenye orodha, utapata majina 22 makubwa ambayo hayawezi kucheza pamoja. Utakuwa na mafowadi warefu saba, viungo kibao, na hakuna hata mmoja wa kumkaba fowadi mdogo mwenye mbio langoni kwako. Kwa hiyo anza na nafasi uwanjani, namba zifuate. Mwongozo huu unafuata njia hiyo, na kikosi kilichopangwa kwa njia hiyo kiko mwishoni.

Hatua ya 1: Andika kanuni kabla ya jina lolote

Kanuni zikija baada ya majina, utazipinda ili umwingize kipenzi chako. Unahitaji nne.

Ya kwanza ni ligi. VFL, ligi ya jimbo la Victoria, ilianza kuchezwa mwaka 1897 na ikabadili jina kuwa AFL mwaka 1990, lakini namba za jezi zilianza kutumika rasmi mwaka 1912. Nyota wa kabla ya hapo hana namba, hivyo hayumo. Ukiamua ni VFL/AFL tu, kubali pia kwamba unamwacha nje mtu kama Barrie Robran, ambaye maisha yake yote ya uchezaji aliyamalizia North Adelaide, kwenye ligi ya Australia Kusini.

Ya pili ni kiwango cha chini cha mechi ndani ya jezi hiyo. Weka 50. Ukiweka 100 kwa kuwa ni namba nzuri kuitazama, utakuwa umemfukuza John Coleman wa Essendon, aliyefunga mabao 537 katika mechi 98 tu kabla ya goti kumkatiza mwaka 1954. Kikosi cha wakati wote kisicho na Coleman kwa sababu ya mechi mbili ni kikosi chenye kanuni mbovu.

Ya tatu: mchezaji huingia kwa namba aliyoivaa kweli, na anaweza kuwa na zaidi ya moja. Gary Ablett mtoto alivaa 29 Geelong, 9 Gold Coast, kisha 4 aliporudi Geelong. Chris Judd alivaa 3 West Coast na 5 Carlton. James Hird alianza na 49 kabla ya 5. Hawa ni dhahabu kwako, maana unaweza kuwahamisha namba moja ikijaa. Angalia pia namba za unahodha: Port Adelaide humpa nahodha wake namba 1, ndiyo maana Travis Boak, mtu wa namba 10, ana misimu kadhaa ya namba 1.

Ya nne: kila namba mara moja, kila mchezaji mara moja, 1 hadi 22.

Hatua ya 2: Chora uwanja

Wachezaji 18 uwanjani, wanne benchi. Chora mistari mitano ya watu watatu watatu, kisha watatu wanaoufuata mpira popote uendako:

- Nyuma kabisa: beki wa pembe, fulbeki, beki wa pembe
- Hafubeki: kushoto, senta, kulia
- Kati: winga, senta, winga
- Hafu-fowadi: kushoto, senta, kulia
- Mbele kabisa: fowadi wa pembe, fulfowadi, fowadi wa pembe
- Wafuasi wa mpira: mrukaji, msaidizi wake, rova

Mrukaji ndiye anayegombea mpira mwamuzi anapourusha juu. Rova ni mfupi mwepesi anayeuokota ukianguka. Msaidizi wa mrukaji anahitaji maelezo, kwa sababu hapo wengi hukosea. Kabla ya Ron Barassi kuibadilisha nafasi hiyo akiwa Melbourne miaka ya 1950, alikuwa mtu wa pili mwenye mwili mkubwa, karibu mrukaji wa pili. Baada ya Barassi akawa kiungo mwenye nguvu na mbio. Amua unataka wa aina gani, kwa kuwa uamuzi huo utaigusa namba 17 moja kwa moja.

Hatua ya 3: Jaza jedwali la wagombea

Safu wima tatu: namba, jina, nafasi aliyocheza hasa. Usiandike nafasi kwa hisia. Andika pale alipopangwa miaka yake mizuri. Lenga majina matatu kwa kila namba, hata kama mawili yanaonekana hayana nafasi ya kuingia.

Ukimaliza utaona namba haziko sawa. Namba 8, 13, 16 na 22 ni nyepesi. Namba 3, 4 na 5 zimejaa hadi zinamwagika. Tazama namba 3: Ted Whitten wa Footscray, Leigh Matthews wa Hawthorn, Dick Reynolds wa Essendon. Wote watatu waliwekwa kwenye kikosi rasmi cha karne kilichotangazwa na AFL mwaka 1996. Reynolds ana medali tatu za Brownlow, tuzo ya mchezaji bora wa msimu. Matthews ana mabao 915 bila kuwa fulfowadi. Wawili kati yao lazima wabaki nje, na nyuma yao wako Michael Voss na Judd.

Namba 5 ni vivyo hivyo: Polly Farmer na Gary Ablett baba, wote wa Geelong, halafu Hird, Nathan Buckley, Judd. Usichague bado.

Hatua ya 4: Anza na nafasi adimu

Mpangilio wa kujaza ni huu: fulbeki, mabeki wa pembe, mrukaji, senta-hafubeki, mawinga. Mafowadi na viungo wawe wa mwisho, kwa sababu wapo wengi kwenye karibu kila namba.

Fulbeki ni Stephen Silvagni wa Carlton, namba 1. Paul Roos naye alivaa 1 na ni jina zito, lakini Roos ana mbadala kwenye hafubeki na Silvagni hana mbadala kwenye fulbeki.

Mabeki wa pembe ndio wanaovunja vikosi vingi vya aina hii. Pitia jedwali lako uone ni wangapi wako chini ya namba 22. Corey Enright, ambaye angekufaa sana, alivaa 44. Wanaobaki wenye hadhi ni wawili: Gary Ayres wa Hawthorn, namba 7, mshindi mara mbili wa medali ya Norm Smith ya mchezaji bora wa fainali kuu (1986 na 1988), na Gavin Wanganeen wa Essendon, namba 4, aliyeshinda Brownlow mwaka 1993 akitokea hapo hapo kwenye pembe ya nyuma. Wanganeen pia ndiye mchezaji wa kwanza mzawa wa asili wa Australia kufikisha mechi 300.

Gharama yake ni kubwa, na inafaa uitazame usoni. Ayres akiingia kwa 7, Haydn Bunton mwenye Brownlow tatu anatoka. Wanganeen akiingia kwa 4, wanatoka Tony Lockett mwenye mabao 1,360, rekodi ya ligi, Royce Hart, Stephen Kernahan, na Dustin Martin mwenye Norm Smith tatu. Inauma. Lakini linganisha vikosi viwili: chenye Lockett kina fulfowadi wa tatu, chenye Wanganeen kina beki wa pembe. Fulfowadi wa tatu hana mahali pa kusimama.

Mrukaji: John Nicholls, namba 2. Kwa sentimita 189 alikuwa mfupi kwa kazi hiyo, akaifanya kwa mwili na akili kwa mechi 328. Kumweka yeye kunaifungua namba 5, na hapo Ablett baba anaingia hafu-fowadi badala ya Farmer. Huu ndio ufundi wenyewe wa zoezi: namba moja inaifungua nyingine. Ukimpenda Farmer zaidi, mweke kwa 5, kisha namba 2 umpe Robert Flower wa Melbourne kwenye winga. Haivunjiki, ila unampoteza Ablett baba, aliyefunga mabao tisa kwenye fainali kuu ya 1989 na bado timu yake ikapoteza.

Senta-hafubeki ni Whitten kwa namba 3. Ndiyo sababu Matthews na Reynolds wanakosa: mbele na kati una watu, pale huna.

Winga wa kwanza ni Craig Bradley wa Carlton, namba 21, mechi 375. Kwenye namba hiyo hiyo usimsahau Aliir Aliir wa Port Adelaide, aliyezaliwa kambi ya Kakuma, Kenya, na kuteuliwa kikosi cha Australia Yote, yaani kikosi bora cha msimu, mwaka 2021. Yeye ni hafubeki anayedaka mipira ya juu, basi ukikwama kwa Whitten, hapo pana mlango.

Winga wa pili ni mtego. Namba 12 ina Nick Riewoldt na Matthew Richardson, wote mafowadi warefu. Ila mwaka 2008 Richmond walimhamishia Richardson winga na akamaliza wa tatu kwenye kura za Brownlow. Nafasi imepatikana.

Hatua ya 5: Jaza mbele na kati, kisha punguza warefu

Senta-hafu-fowadi ni Wayne Carey, namba 18. Fulfowadi Coleman, 10. Jason Dunstall, 19, anasukumwa pembeni mwake. Kwenye pembe ya pili usiweke mrefu mwingine. Mpira ukidondoka miguuni mwa majitu matatu, mabeki wataondoka nao. Weka Bob Skilton, namba 14: kwa desturi ya zamani rova alipumzikia pembe ya mbele, na yeye alifanya hivyo miaka mingi South Melbourne.

Namba 9 ina washindi kadhaa wa Brownlow, wakiwemo Ablett mtoto, Shane Crawford, Ben Cousins, Patrick Cripps na Lachie Neale. Ablett anakuwa rova. Senta ni Simon Black, 20.

Sasa namba 17. Michael Tuck ana mechi 426, rekodi iliyodumu hadi 2016. Jack Dyer ni mrukaji. Nicholls hana mtu wa kumpokea benchi, kwa hiyo Dyer anaingia kama msaidizi wa mrukaji wa mtindo wa zamani.

Hatua ya 6: Kagua

Hesabu namba kwanza, kosa la kawaida kabisa ni namba kujirudia. Kisha hesabu klabu. Ukizidisha wanne kutoka klabu moja, rudi kwenye jedwali. Kikosi hiki kina wanne wa Carlton, watatu wa Hawthorn na watatu wa Richmond.

- Nyuma: Wanganeen (4), Silvagni (1), Ayres (7)
- Hafubeki: Luke Hodge (15), Whitten (3), Bruce Doull (11)
- Kati: Bradley (21), Black (20), Richardson (12)
- Hafu-fowadi: Ablett baba (5), Carey (18), Brad Johnson (6)
- Mbele: Skilton (14), Coleman (10), Dunstall (19)
- Wafuasi: Nicholls (2), Dyer (17), Ablett mtoto (9)
- Benchi: Jack Riewoldt (8), Clayton Oliver (13), Jonathan Brown (16), Tony Shaw (22)

Benchi ina mafowadi wawili na viungo wawili, bila beki. Beki akiumia, Richardson hawezi kurudi nyuma, ila Bradley anaweza kushuka hafubeki na Oliver akachukua winga.

Kama unataka kikosi cha pili, endelea na 23 hadi 44 kwa mpangilio ule ule. Huko tatizo linageuka. Matthew Scarlett na Francis Bourke wanagombea 30, Barassi na Dustin Fletcher wanagombea 31, Enright yuko 44 akikusubiri, na namba 28 itakutoa jasho.