Matembezi ya Wasini: pangia maji kwanza, bei baadaye

Ukitoka Nairobi kwenda Wasini, kisiwa cha pwani ya kusini ya Kenya, fungua kalenda ya mwezi kabla ya kuulizia mashua. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huwa bamvua: maji hujaa na kupwa kwa tofauti ya mita 3 na zaidi, mchanga hutibuka, na mkondo humchosha asiyezoea kuogelea. Kutazama samaki na matumbawe katika hifadhi ya bahari ya Kisite, chagua maji mafu, yaani wiki moja hivi baadaye. Saa za maji husogea takriban dakika 50 kila siku, kwa hiyo usitumie ratiba ya rafiki aliyeenda juzi. Muulize nahodha.

Miwani ya kuzamia ijaribu ukiwa bado gatini. Ibandike usoni bila mkanda, vuta pumzi kwa pua, achia mkono. Ikishika, ni yako. Ikidondoka, toa nywele zilizonaswa ukingoni, ujaribu tena. Ikikataa, omba nyingine. Ndevu nazo hupitisha maji.

Kusi likivuma, hasa Juni hadi Agosti, bahari huchafuka. Mwenye kichefuchefu asubiri kaskazi, ingawa nyangumi hupita Julai hadi Septemba, na kuwaona kunastahili kuvumilia mawimbi.

Siku ya kufika iachie pango la Shimoni, kijiji cha bara unakopandia mashua. Safari itakuwa imekuchosha. Bustani ya matumbawe ya kijijini Wasini ipitie maji yakiwa yametoka.

Kiingilio cha Kisite hulipwa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kupitia eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali. Uliza kama kimo ndani ya bei ya mashua.