Jinsi ya Kuomba Faili la Uraia la Babu Aliyehamia Marekani

Usikimbilie fomu. Anza na sensa ya Marekani ya 1920, ambayo iko wazi kwa kila mtu. Wahamiaji waliulizwa walifika mwaka gani na walipata uraia lini. Kwenye mstari wa babu tafuta herufi mbili: Na, keshakuwa raia, Pa, ameanza kuomba, Al, bado mgeni.

Kisha tafuta orodha ya abiria wa meli. Hapa wengi hukwama, maana wanatafuta jina kama familia inavyoliandika leo, wakiamini makarani wa Ellis Island, kituo cha kupokea wahamiaji bandarini New York, ndio waliolibadilisha. Sivyo. Makarani wale walisoma orodha iliyokwisha kuandikwa na watu wa meli. Majina yalibadilika baadaye, mara nyingi kwa hiari ya wenyewe. Litafute kama lilivyotamkwa kwao. Ukilipata, tazama safu ya kazi kwa makini. Tarakimu zilizobanwa kwa mkono pale zina maana kubwa: miaka mingi baadaye karani aliufungua tena ukurasa huo kuhakikisha kwamba huyu anayeomba uraia kweli alishuka melini siku ile. Kwangu hiyo ni dalili nzuri kuliko zote kwamba faili lipo.

Sasa angalia tarehe. Uraia uliotolewa kabla ya 27 Septemba 1906 ulibaki mahakamani, kwa hiyo andikia mahakama ya kaunti alikoishi au hifadhi ya nyaraka ya jimbo. Kuanzia siku hiyo hadi 31 Machi 1956, nakala zilipelekwa Washington, na leo zinaombwa USCIS, idara ya uraia na uhamiaji. Huna namba ya faili? Jaza fomu G-1041 ili watafute kwenye faharasa. Lakini pekueni masanduku ya nyumbani kwanza: namba ya cheti chake cha uraia ndiyo namba ya faili, na ukiwa nayo unakwenda moja kwa moja kwenye G-1041A, fomu ya kuomba faili lenyewe, bila kulipa ada mbili. Ada hairudishwi hata wakikosa kitu, basi andika kila tahajia ya jina unayoijua. Kama hajatimiza miaka 100 tangu azaliwe, ambatisha uthibitisho wa kifo.

Unamtafuta bibi? Kabla ya 22 Septemba 1922 mke alifuata uraia wa mumewe, kwa hiyo omba faili la mume.

Na kama uraia ulipatikana baada ya 1 Julai 1929, omba faili zima, usiridhike na muhtasari. Tangu siku hiyo mwombaji alitakiwa kuambatisha picha yake.