Maumivu ya viungo na mgongo: jinsi ya kujua yako ni ya aina gani

Mtu akiumwa goti au kiuno anakimbilia diklofenaki kwanza, alafu ndo anauliza ni nini. Kabla hujameza kitu jiulize maumivu yanakuja saa ngapi na yanakaa muda gani, maana hapo ndo magonjwa haya yanapoachana, na hata daktari mzuri ataanzia hapo hapo.

Anza na asubuhi. Ukiamka viungo vimekakamaa, angalia saa. Vikilainika ndani ya nusu saa, maumivu yakazidi ukitembea sana au ukipanda ngazi na kutulia ukikaa, mara nyingi hiyo ni gegedu imelika, yani ule utando laini unaofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, inawapata zaidi watu wa makamo kwenda juu, wenye uzito mkubwa na waliowahi kuumia goti. Lakini kama saa nzima inapita bado unahangaika na vifungo vya shati na vidole vya mikono yote miwili vimevimba, hiyo stori nyingine, inaweza kuwa baridi yabisi, yani kinga ya mwili inashambulia viungo vyako yenyewe. Hii usiicheleweshe kabisa, viungo vikishaharibika havirudi, na dawa za kuizuia zinafanya kazi vizuri zikianza mapema. Na kipimo cha damu cha baridi yabisi kikitoka safi usishangilie, wapo wagonjwa ambao hakiwaonyeshi kitu.

Jongo, wengine wanaita gauti, mara nyingi haina shida kuitambua. Inakuja ghafla, mara nyingi usiku, kidole gumba cha mguu kinakuwa chekundu cha moto hata shuka likigusa unaruka. Ni yuriki asidi, taka inayokuwa kwenye damu, imeganda kwenye kiungo, na ukipima wakati kinauma inaweza kusoma kawaida, so rudia kupima baada ya wiki mbili hivi. Ila kiungo kimoja kikivimba ghafla na una homa usiseme ni jongo, kinaweza kuwa na usaha ndani, wahi hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa mgongo. Mara nyingi ni misuli na pingili tu, maumivu yanapungua ndani ya wiki chache, na kulala kitandani siku nzima kunachelewesha, tembea taratibu hata kama yanauma kidogo. Yakishuka kwenye tako mpaka chini ya goti, yanachoma kama shoti ya umeme, ukikohoa ndo yanazidi, hapo mara nyingi diski, ule mto laini kati ya pingili, imebana mshipa wa fahamu, na hiyo pia wengi wanapona bila kisu. Usikimbilie emuarai (MRI, kipimo cha picha za ndani ya mwili), hata watu wasioumwa kabisa wanakutwa na diski zimetokeza, utarudi nyumbani na hofu tu. Kijana chini ya miaka 45 anayeumwa kiuno zaidi ya miezi 3, yanamwamsha usiku wa manane na yanapungua akijishughulisha, huyo apelekwe kwa daktari wa viungo, sio kuambiwa kila siku ni godoro.

Hizo diklofenaki na ibuprofeni usizizoee, zinaweza kutoboa tumbo na kuchosha figo, na mwenye vidonda vya tumbo, presha au figo mbovu asijiandikie mwenyewe.

Mgongo ukiuma pamoja na homa au unapungua uzito bila sababu, panga kuonana na daktari haraka. Na ukiona sehemu za siri zimekufa ganzi, mkojo umeziba au unatoka wenyewe, miguu inaishiwa nguvu, nenda hospitali usiku huo huo, usisubiri kukuche.