Chuma Hiki Kilikuwa cha Kazi Gani?

Sanduku la fundi magari mzee likiuzwa, spana za dukani huondoka siku hiyohiyo. Chini hubaki vyuma vya ajabu alivyojitengenezea: bomba lenye meno, bisibisi iliyopindwa, ringi spana (ile yenye tundu la duara linalozunguka nati) iliyokatwa mdomo. Wengi huvipeleka kwa wauza chuma chakavu. Mimi hapa Morogoro huanza na hivyo, kwa sababu hakuna mtu anayekaa na msumeno wa chuma jioni nzima bila shida iliyomsukuma. Baada ya vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, fedha za kigeni ziliadimika na vipuri vikawa taabu kupatikana, sembuse spana maalumu. Ukitaka kitu ulikitengeneza.

Kwanza kabisa, usikioshe. Petroli na brashi ya waya vinafuta ushahidi. Kitoe juani ukigeuze taratibu. Pale mkono uliposhika pana weusi laini na kutu haikai. Pale kilipogusa chuma kingine pana mikwaruzo: ikizunguka, kifaa kilikuwa kinazungushwa, ikienda kwa urefu, kilikuwa kinasukumwa au kinavuta. Kichwa kikiwa kimefumuka kama uyoga, basi kilikuwa kinagongwa kwa nyundo, na usihangaike kutafuta nati yake.

Halafu jiulize chuma chenyewe kilitoka wapi. Tupa huacha kivuli cha meno yake hata ikisagwa. Jani la springi ya lori halifichi mkunjo wake. Ukiwa na grainda, gusisha kidogo tu mahali pasipo na alama: chuma chenye kaboni nyingi hutoa cheche fupi zinazopasukapasuka kwa wingi, nondo laini hutoa ndefu zisizopasuka sana. Chuma kinakwambia mzigo ambao kifaa kilibeba. Hakuna fundi atakayeharibu jani la springi kutengeneza kindoano cha kuning'inizia kalipa ya breki. Na kilichotokana na tupa usikipige nyundo kwa majaribio; kinavunjika, na kipande hicho kinapenda jicho.

Sasa chukua venia, kile kipimo cha taya mbili kinachosoma sehemu za milimita. Mdomo ukisoma milimita 14.3, usiseme ni 14 iliyolegea. Hiyo ni 9/16 ya inchi, na huenda unatafuta gari la zamani la Kiingereza. Ukisoma kama 13.3, ni robo inchi ya Whitworth, vipimo vya zamani vya Kiingereza, ambayo huitwa kwa unene wa bolti na si kwa upana wa mdomo, ndiyo maana inawachanganya vijana. Namba 10, 12, 14 na 17 zikirudiarudia sandukuni, mzee alikuwa fundi wa magari ya Kijapani. Bomba nene lililofuliwa pembe sita, upana milimita 52, karibu kila mara ni la nati ya habu, kitovu cha gurudumu, ya Land Rover. 54 ni Land Cruiser.

Lakini utamu uko kwenye mkunjo. Spana haipindwi kwa urembo. Imepindwa kukwepa kitu, na kitu hicho bado unaweza kukiona. Ilaze mezani, mdomo ukae pale ambapo nati ingekuwa, kisha tazama nafasi tupu chini ya mkunjo. Hapo ndipo palikuwa na starta, au ekzosi, au ukuta wa chesisi. Weka ngumi yako humo. Ikiingia barabara, fundi alikuwa anakwepa kitu kikubwa cha mviringo. Ringi spana iliyokatwa mdomo nayo ni hivyohivyo: pima pengo. Likipitisha bomba la milimita 6 na kichwa ni namba 17, ni ya kufungulia mabomba ya nozeli ya dizeli, maana ringi nzima isingepita juu ya bomba.

Kwa meno, tumia sabuni ya mche. Nilikuwa na bomba la nusu inchi lililokatwa meno manne, na kila mtu alisema ni tindo ya zege. Nililikandamiza kwenye sabuni: likaacha duara lenye mapengo manne, katikati pamevimba. Sabuni imekuchorea nati yenyewe. Nati ya mviringo yenye mapengo manne, shafti ikichomoza katikati, ni ya pikipiki, upande wa klachi au filta ya oili inayozunguka.

Vya mbao navyo visikupite. Kipande cha mpini kilichochongwa ngazi mbili ni cha kulenga klachi, yaani kuiweka katikati wakati wa kuifunga: ngazi nyembamba huingia kwenye beringi ya flaiwili, nene hujaza tundu la klachi pleti, unakaza presha pleti, unachomoa.

Ukikwama, mpelekee fundi mzee kuliko wote mtaani, ila usimuulize. Mwamkie, kiweke karibu na kikombe chake cha chai, piga stori nyingine. Atakiokota. Tazama anavyokishika, kidole gumba kinakaa wapi na kiwiko kinageukia upande gani. Ukiuliza mapema atakupa jibu la heshima tu, lolote lile.

Kumbuka pia kifaa kinaweza kuwa na kazi mbili. Alama iliyo juu, inayong'aa, ni ya kazi ya mwisho. Ya kwanza imejificha chini ya kutu. Nina kibano cha springi za valvu kilichomalizia maisha kikiondoa matairi ya bodaboda.

Ukishapata jibu, toboa kibati, kifunge kwa waya, ugonge juu yake gari na nati, mathalani "Bedford, nozeli". Jina la kifaa si lazima, maana vingi havikuwahi kuwa nalo.