Kuuchunguza mto wa mlimani: anza na mwamba, kisha maji, ndipo uhesabu wadudu

Mtu akitaka kujua hali ya mto wa kijijini kwao, jambo la kwanza analofikiria ni kutafuta kipimo. Mimi ningemwambia aanze kwa kuutazama mlima mto unakotoka. Kipimo hukupa namba, lakini bila kujua maji yamepita kwenye mwamba gani hutajua namba hiyo inamaanisha nini.

Mifano yote ya mwongozo huu nimeichukua Mlima Meru, Arusha. Pale kuna vijito vyenye maji maangavu na baridi, vilivyojaa viumbe, lakini mtoto anayekua akiyanywa meno yake hugeuka kahawia, na akiendelea kuyanywa kwa miaka mingi mifupa nayo huathirika. Aliyepima wadudu peke yao atasema mto ni mzima. Aliyepima floridi peke yake, yaani ile chumvi ya mwamba inayoharibu meno na mifupa hiyo, atasema mto haufai, wala hatagundua kuwa kinyesi na mbolea vinaingia hatua chache tu chini ya pale alipojaza chupa yake. Ndiyo maana nasisitiza vyote vitatu, mwamba, maji na wadudu, vichunguzwe katika ziara moja.

Hatua ya 1: Ruhusa na watu

Kwa utafiti wa kitaaluma nchini Tanzania kibali hutolewa na COSTECH, yaani Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia. Ukigusa wanyamapori utahitaji pia kibali cha TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori), na ukiingia hifadhini utahitaji cha TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa). Kamati ya maji inayochunguza chanzo chake yenyewe haina mlolongo huo wote, lakini ofisi ya mtendaji wa kijiji na bodi ya maji ya bonde zifahamishwe. Vijito vya kusini na mashariki mwa Meru huingia mto Kikuletwa, vikaelekea bwawa la Nyumba ya Mungu na hatimaye mto Pangani, kwa hiyo huko mhusika ni Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani.

Kisha kaa na wazee. Wasalimu, eleza unachotafuta, halafu sikiliza. Uliza ni chemchemi ipi ng'ombe huikimbilia kwa sababu ya chumvi, ipi haikauki hata kiangazi kikali, ipi watu waliiacha na kwa nini. Majibu hayo yatakuokoa kutembea bure, na mara nyingi ndiyo yanayoonyesha mahali pa kupima.

Hatua ya 2: Soma mwamba

Vifaa ni vichache: nyundo, lenzi ya mkono inayokuza mara 10, chupa ndogo ya siki, daftari, na simu ya kurekodi mahali ulipo. Ramani za jiolojia hupatikana kwenye Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, Dodoma. Ukiweza kuipata ya eneo lako, ibebe.

Meru ni volkano, na mlipuko wake mdogo wa mwisho ulitokea mwaka 1910. Maelfu ya miaka kabla ya hapo ubavu wake wa mashariki uliporomoka, tope na mawe vikamwagika hadi mbali kwenye tambarare. Maziwa ya Momella yamekaa katika mabonde yaliyoachwa na maporomoko hayo. Ukitembea kando ya mto utakutana na aina mbili za mwamba zinazohitaji kutofautishwa. Ya kwanza ni lava: mwamba mgumu, wa kijivu au mweusi, wa namna moja toka juu hadi chini, wenye nyufa. Ya pili ni lile tope la maporomoko lililoganda: mawe ya kila ukubwa, mengine yenye kona kali, yamechanganyika ovyo ndani ya udongo wa majivu. Tafuta mahali lava ilipolalia juu ya tope. Maji hushuka kwa nyufa za lava, hukwama kwenye tabaka linalobana, halafu hutokea pembeni kama chemchemi. Chora mchoro wa mahali hapo kwa mkono hata kama umepiga picha. Mkono unapochora, jicho hulazimika kuona.

Sasa kuhusu floridi. Lava za Meru zina sodiamu na floridi kwa wingi. Maji yakikaa humo muda mrefu hubeba vyote viwili. Kwingineko kalsiamu ndiyo inayookoa: hujifunga na floridi, ikawa madini magumu yanayobaki chini. Maji ya Meru yana sodiamu na baikaboneti nyingi lakini kalsiamu kidogo, basi floridi hubaki imeyeyuka na kusafiri na maji hadi kwenye ndoo. Kwa hiyo, kwa kawaida, chemchemi za juu msituni, ambako maji ya mvua hayajakaa sana ardhini, huwa na floridi kidogo kuliko za chini. Hali hiyo huzidi hadi Momella, maziwa yasiyo na mto wa kutokea, ambako floridi hufikia mamia ya miligramu kwa lita.

Alama nyingine ni ukoko mweupe juu ya udongo wakati wa kiangazi. Dondoshea siki: ukitoa povu, ni kaboneti. Chukua kipande kingine ukitie kwenye maji safi. Kikiyeyuka ni magadi, kisipoyeyuka huenda ni chokaa. Magadi yakionekana karibu na chanzo, andika kwa herufi kubwa kwenye daftari kwamba floridi lazima ipimwe hapo. Na kwa kuwa magadi ya kienyeji nayo huweza kubeba floridi, uliza kama yanatumika kulainishia maharage au makande. Familia inaweza kuwa inaipata kwenye sufuria pamoja na kwenye maji.

Hatua ya 3: Chagua vituo vya kupimia

Vituo vitatu hutosha kwa kuanzia: juu ya makazi, kati ya mashamba, na chini baada ya vyote. Pasipo kituo cha juu huna cha kulinganishia. Ongeza kituo kimoja juu na kimoja chini ya kila chemchemi kubwa inayoingia mtoni. Vituo hivyohivyo virudiwe masika na kiangazi, kwa sababu kiangazi mto hulishwa karibu wote na maji ya ardhini na chumvi zake hupanda, ilhali masika mvua huyazimua maji na wakati huohuo huingiza tope na kinyesi.

Hatua ya 4: Pima maji

Asubuhi, kabla ya kutoka, rekebisha vipimo vyako. Kipimo cha pH, kinachoonyesha kama maji yana tindikali au magadi, kirekebishwe kwa vimiminika vya pH 7 na 10, maana maji ya huku huelekea upande wa magadi. Kile cha 4 kitakufaa zaidi kwenye maji yenye tindikali. Kipimo cha EC, kinachoonyesha maji yanavyopitisha umeme, kirekebishwe kwa kimiminika cha maikrosimensi 1,413 kwa sentimita. Suuza kwa maji yaliyokenekwa kila unapobadilisha.

Mtoni simama ukitazama maji yanakotoka, ili tope unalotibua lisije kwenye chupa. Pima jotoridi, pH, EC na oksijeni papo hapo, ndani ya maji yanayotembea. Oksijeni ina mtego wake: maji ya nyuzi 20 usawa wa bahari hushika takriban miligramu 9 kwa lita yakijaa, lakini kwenye mwinuko wa mita 1,400 kama Arusha hujaa yakiwa na 7.7 hivi. Ukiona 7.5 usidhani mto umechoka.

EC ni rafiki mkubwa wa mtafiti asiye na fedha. Haikuambii floridi ni kiasi gani, lakini ikiruka ghafla kati ya kituo na kituo inakuambia kuna kitu kimeingia. Rudi nyuma taratibu ukipima kila mita 50 mpaka upate kinapoingilia.

Sampuli ya floridi iwekwe kwenye chupa ya plastiki, si ya kioo. Suuza chupa mara tatu kwa maji ya mto wenyewe, jaza, iandike kwa kalamu isiyofutika. Sampuli hiyo hukaa hadi siku 28 bila dawa yoyote, kwa hiyo hata aliye mbali na maabara anaweza kuikusanya. Maabarani omba ipimwe kwa elektrodi ya floridi pamoja na kimiminika cha TISAB, ambacho huifungua floridi iliyojishika na aluminiamu. Bila hicho majibu yanaweza kuwa ya chini kuliko ukweli. Sampuli ya vijidudu vya kinyesi ina masharti makali zaidi: chupa iliyotakaswa na maabara, usiisuuze, usiguse ndani ya kifuniko, iwekwe kwenye barafu na ifike maabara siku hiyohiyo.

Usiondoke bila kupima wingi wa maji. Pima mita 10 za mto ulionyooka, dondosha chungwa katikati, hesabu sekunde. Tuseme limetumia sekunde 20: kasi ya juu ni nusu mita kwa sekunde. Zidisha kwa 0.85 kwa kuwa maji ya chini huenda polepole, kisha zidisha kwa upana na kina cha wastani. Mto wa upana wa mita 2 na kina cha sentimita 25 utakupa kama lita 212 kwa sekunde.

Hesabu hii ina faida ambayo watu wengi hawaijui. Chukua mfano: juu ya chemchemi mto una lita 100 kwa sekunde na floridi miligramu 1 kwa lita, chini yake una lita 120 na floridi miligramu 2. Juu zinapita miligramu 100 kila sekunde, chini 240. Lita 20 zilizoongezeka zimeleta miligramu 140, maana yake chemchemi hiyo ina miligramu 7 kwa lita, hata kama mdomo wake umejificha chini ya mawe usiweze kujaza chupa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5.

Hatua ya 5: Viumbe wa mtoni

Kipimo kinaeleza maji ya dakika ile. Wadudu wameishi pale kwa wiki na miezi, na sumu iliyopita usiku wa juzi wao imewapata. Nina imani kubwa na hatua hii, na inanisikitisha ikirukwa kwa kisingizio cha kukosa mtaalamu. Njia rahisi inaitwa miniSASS, ilitengenezwa Afrika Kusini, na mwanafunzi wa sekondari anaiweza.

Unahitaji wavu wa matundu ya milimita 1 hivi, sinia jeupe la plastiki na mabuti. Weka wavu chini ya mkondo, vuruga mawe kwa mguu, yasugue kwa mkono, maji yawasukume viumbe wavuni. Fanya hivyo kwenye mawe ya maji ya kasi, kwenye majani ya ukingoni, na kwenye changarawe na mchanga, jumla isizidi dakika 5. Mimina kwenye sinia lenye maji kidogo, subiri vitulie, angalia.

Cha kutafuta kwanza ni kibuu bapa chenye mikia miwili, makucha mawili kwenye kila mguu na matamvua (vinyuzi vya kupumulia majini) kwapani. Afrika Mashariki jamii zake ni chache, ila akiwepo maji yana oksijeni ya kutosha. Ana alama 17. Wenye matamvua pembeni mwa tumbo, kwa kawaida mikia mitatu, wana alama 11, isipokuwa wale wembamba wenye umbo la kisamaki, ambao huvumilia uchafu na hupata 5. Wanaojijengea nyumba ya vijiwe au vijiti wana 9. Kaa 6, vibuu vya kereng'ende wanene 6, konokono 4, ruba 2, minyoo 2, na vibuu vya mbu na jamaa zake, pamoja na vile vyekundu vinavyoishi kwenye tope, 2.

Kila kundi lihesabiwe mara moja tu, hata ukipata mia. Jumlisha alama, gawanya kwa idadi ya makundi. Kituo cha juu chenye 17, 11, 5, 9, 6 na 2 kina jumla ya 50 kwa makundi 6, yaani 8.3. Kituo cha chini chenye 5, 2, 2, 2 na 4 kina 15 kwa makundi 5, yaani 3. Tofauti kubwa hivyo katika mto mmoja, kwenye mawe ya aina moja, inaonyesha kuna uchafu umeingia katikati. Ukimaliza, warudishe viumbe wote mtoni wakiwa hai.

Wanyama wakubwa andika nyayo zao kwenye tope alfajiri, kabla mifugo haijazikanyaga. Ndani ya Hifadhi ya Arusha usishuke mtoni bila askari mwenye silaha; nyati hulala vichakani karibu na maji. Na kama kazi yako iko maeneo ya chini yenye maji yaliyotulia na konokono, vaa mabuti na glavu kwa ajili ya kichocho.

Hatua ya 6: Unganisha na uyarudishe kijijini

Tengeneza jedwali moja: kila kituo mstari wake, safu za mwamba, EC, pH, oksijeni, wingi wa maji, floridi, vijidudu vya kinyesi na alama za wadudu. Soma kwa kulinganisha. EC imepanda, floridi imepanda, wadudu wazuri wapo na vijidudu vya kinyesi havikupanda: chanzo huenda ni mwamba. Wadudu wameporomoka na vijidudu vya kinyesi vimejaa huku floridi ikiwa palepale: tafuta zizi, choo au machinjio. Wadudu wameporomoka bila vijidudu kuongezeka: waulize wakulima walipuliza dawa lini.

Mbele ya mkutano wa kijiji sema wazi kwamba kuchemsha kunaua vijidudu lakini hakuondoi floridi. Maji yakipungua sufuriani floridi huzidi kukolea. Chanzo chenye floridi kidogo, hata kama kiko mbali, kitengwe kwa kunywa na kupikia, kikiwapa kipaumbele wajawazito na watoto ambao meno yao bado yanajengeka, na kile kingine kibaki cha kufulia na kujengea. Pasipo chanzo kingine, kamati iulizie vichujio vya mkaa wa mifupa, teknolojia iliyofanyiwa kazi miaka mingi na kituo cha Wizara ya Maji pale Ngurdoto. Mkaa huo huchoka, kwa hiyo kabla ya kufunga kichujio wakubaliane nani atapima maji yanayotoka, baada ya muda gani, na fedha ya kubadilisha mkaa itatoka wapi.

Nakala ya jedwali ibaki ofisi ya kijiji, nyingine iende bodi ya bonde, zikiwa na tarehe na mahali pa kila kituo, ili atakayepima mwakani asimame kwenye jiwe lilelile.