Namna ya Kukipanga Chama cha Siasa Katika Nchi ya Shirikisho

Anayepanga chama cha siasa katika nchi ya shirikisho aisome kwanza katiba ya nchi kabla hajaigusa katiba ya chama. Aandike mamlaka yaliyo mikononi mwa majimbo, yawe ya elimu, polisi, ardhi au kodi, kisha ayapime kwa yale ya serikali kuu. Jimbo lenye mamlaka makubwa lahitaji tawi lenye sauti kubwa, ilhali pale ambapo jimbo husubiri fedha na maagizo kutoka juu, uhuru wa tawi hubaki maandishi tu.

Kuna masharti ambayo chama hakiwezi kuyakwepa. Nchini Nigeria, Katiba ya mwaka 1999 inataka wajumbe wa uongozi wa kitaifa wa chama watoke katika theluthi mbili au zaidi ya majimbo, yakijumlishwa na eneo la mji mkuu, Abuja. Mgombea urais naye hatangazwi mshindi katika duru ya kwanza asipopata angalau robo ya kura katika theluthi mbili ya maeneo hayo, hata akiwa na kura nyingi kuliko wote. Chama chenye ngome upande mmoja wa nchi kinapaswa kuanza kujenga matawi kwingineko mapema, kwa sababu miungano inayofungwa mkesha wa uchaguzi huvunjika upesi.

Hatua inayofuata ni kuamua uhusiano kati ya makao makuu na matawi. Nchini Ujerumani, chama cha CSU husimamisha wagombea katika jimbo la Bavaria peke yake na chama ndugu chake, CDU, katika majimbo mengine 15, kisha wabunge wao huketi katika kundi moja bungeni. Nchini Kanada uhusiano umelegea zaidi: chama cha Liberal cha Quebec kilijitenga na kile cha kitaifa mwaka 1964, na kila kimoja kina uongozi wake. Mpangilio huo wa pili hufaa pale ambapo siasa za jimbo zina mgawanyiko wake wenyewe usiofanana na ule wa taifa.

Lakini jambo lenye uzito kuliko yote ni uteuzi wa wagombea na viongozi wa majimbo, na ndipo ninapoomba msomaji atulie. Yeyote mwenye kalamu ya uteuzi ndiye mwenye chama, hata kama kanuni zinasema vingine. Nchini India, uongozi wa juu wa chama cha Congress ulizoea kuwabadilisha mawaziri wakuu wa majimbo kutoka Delhi, na katika Andhra Pradesh walibadilishwa mara kadhaa ndani ya miaka michache. Mwigizaji N. T. Rama Rao aliunda Telugu Desam mwaka 1982 akitetea heshima ya watu wa Telugu, na mwaka 1983 chama hicho kipya kikaishinda Congress jimboni humo. Nashauri kwa dhati kwamba orodha za wagombea zipitishwe na wanachama wa jimbo, kama zinavyopitishwa Ujerumani, na makao makuu yabaki na haki ya kupinga jina kwa sababu zilizoandikwa tangu awali, kama vile rushwa au uchochezi wa chuki.

Fedha zifuate kanuni hiyohiyo: sehemu ya ada na ruzuku ibaki kwenye tawi bila kuombewa kibali.

Mwisho, ziandikwe kanuni za serikali za mseto, kwa kuwa chama kinaweza kuwa mshirika wa wapinzani wake wa kitaifa katika jimbo fulani. Katika Bundesrat, baraza la majimbo la Ujerumani lenye kura 69, kura za jimbo moja hupigwa kwa pamoja, na mikataba mingi ya mseto huagiza jimbo lisiunge mkono wala kupinga pale washirika wanapotofautiana. Kwa kuwa uamuzi huhitaji kura 35 za ndiyo, kujizuia huko huwa na athari sawa na kura ya hapana. Kwa hiyo, viongozi wa taifa wenye mswada unaohitaji idhini ya baraza hilo wazungumze na tawi kabla halijatia saini mkataba wa mseto, kwani baada ya hapo mshirika wake naye ana neno juu ya kura hizo.